Barua Isiyoomba

Pale hospitalini, mgeni yeyote aliyemsikia akiitwa Mama Shukrani alidhani ana mtoto anayeitwa Shukrani. Wengine walimuuliza kabisa, kwa adabu zao, "Shukrani hajambo? Yuko darasa la ngapi sasa?" Naye, kwa kuwa alishachoka kueleza, alijibu kwamba hajambo, anaendelea vizuri na masomo. Kwa mwendo huo Shukrani alikuwa amekaa shuleni miaka arobaini bila kumaliza. Mtoto huyo hakuwapo. Mtoto aliyekuwapo alikuwa na jina lake zuri tu, na alikuwa Ujerumani.

Jina la Mama Shukrani lilitoka kazini. Alikuwa karani wa masjala, chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye mlango unaosugua sakafu mpaka umeichora nusu duara. Wenzake walitunza mafaili ya wagonjwa. Yeye, pamoja na mafaili, aliandika barua za kuwashukuru wafadhili kwa Kijerumani. Hospitali ile ilikuwa na marafiki wa huko tangu zamani, watu wa kanisa hili na chama kile, waliotuma mashuka, miwani, magongo, na vitanda vinavyoinuliwa upande wa kichwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Kila kilichofika kilitaka barua, na barua zote zilipita kwenye vidole vya mwanamke huyo mmoja.

Basi usidhani alijua Kijerumani. Alijua kushukuru, na hivyo ni vitu viwili. Aliweza kumshukuru Mjerumani kwa njia arobaini, kwa unyenyekevu, kwa furaha, kwa niaba ya wengine, kwa kuchelewa, kwa mara ya pili, lakini hakuweza kumwomba maji ya kunywa. Mwaka mmoja walikuja wageni watatu, mganga mkuu akamsukuma mbele akisema huyu ndiye mtaalamu wetu wa lugha. Mgeni mmoja, mzee wa watu, akamnong'oneza swali. Mama Shukrani hakuelewa hata neno moja, akamjibu kwamba anamshukuru kutoka moyoni, na wagonjwa wote wanamshukuru. Mzee akauliza tena, sasa magoti ameyabana. Akashukuriwa tena. Ikabidi mlinzi wa getini, ambaye hajui lugha yoyote ya ng'ambo, amshike mzee mkono ampeleke chooni.

Aliyemfundisha alikuwa Sista, muuguzi mkuu wa zamani, Mjerumani mrefu aliyetembea kwa haraka hata siku ambayo hakuna mgonjwa. Alimchukua akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye mwandiko mzuri na heshima iliyopita kiasi. Katika barua yake ya kwanza msichana aliandika, "Tunawashukuru kwa kila kitu." Sista akaizungushia kalamu nyekundu.

"Kila kitu ndicho kitu gani?" akauliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Kina rangi gani? Kiko wodi gani?"

Akamfundisha kwamba shukrani isiyotaja kitu ni debe tupu. Ukishukuru kwa mashuka, taja mashuka, taja ni mangapi, sema nani amelalia na alipoamka alisemaje. Halafu Sista aliinua kidole. Usiombe. Barua ya shukrani haiombi. Ukishukuru kwa miwani huku unataja magongo, hujashukuru bado, umenyoosha mkono wa pili tu. "Ombi lina barua yake," Sista alisema. "Peke yake. Siku nyingine."

Maneno yote ya kushukuru aliyaandika kwenye daftari la jalada gumu jeusi, kila kitu na ukurasa wake. Sista akazeeka, akarudi kwao, akafa huko, daftari likabaki kwenye droo ya masjala. Ila ile siku nyingine haikufika kamwe, maana barua za kuomba ziliandikwa ofisini kwa mganga mkuu, kwa Kiingereza na mihuri. Mama Shukrani alishukuru tu. Na mtu akifanya kazi miaka arobaini, kazi nayo humfanya mtu. Hata nyumbani hakuwa mwombaji. Marehemu mumewe aliishi naye miaka ishirini na mitatu asiombwe hata kusogeza kiti, na alipokuwa akiumwa alimwambia, nusu utani, "Mke wangu, siku ukitaka kitu, nitajuaje?" Alimshukuru kwa kuuliza.

Sasa huyo binti. Alikuwa mmoja tu, na Jumamosi, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia, alikwenda naye masjala. Mtoto alianza kwa kubandika stempu. Akaenda kwenye kunakili anwani, kisha barua nzima. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anamsahihisha mama yake. Yeye hakuishia kwenye daftari jeusi. Aliyataka na maneno mengine, ya kuuliza, ya kugomba, ya kutania, akayatafuta kwenye kamusi ya Sista, baadaye akajiunga na darasa la jioni, akafanya mtihani, akapata nafasi ya kusomea uuguzi huko huko zilikotoka shuka. Mama alimsindikiza, akampungia mkono, na aliporudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Mlango wa kuondokea aliutengeneza mwenyewe, kila Jumamosi kidogo kidogo, kisha akashangaa mtu alipoupitia.

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Katika miaka hiyo binti alimaliza masomo, akapata kazi, akapata na mtoto wa kike. Baba wa mtoto alikuwapo kidogo kisha hakuwapo, tumwache huko huko aliko. Mtoto sasa ana miaka minne, na bibi yake hajawahi kumshika. Kila mwaka Mama Shukrani alimnunulia jozi ya viatu kwa kukisia, akaiweka kabatini. Hakuzituma, maana alitaka zivaliwe hapa, kwenye sakafu hii, asikie zikikimbia. Zilikuwa jozi nne, kila moja kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Kila alipouliza watakuja lini, si kwa kuuliza hasa bali kwa kusema tu kwamba chumba kimepakwa rangi, binti alijibu, "Tutaona, Mama." Miaka saba ya tutaona, na hajaona kitu.

Jumapili moja mchana simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mama, nina shida na utaalamu wako." Alikuwa anacheka. "Oma anatimiza miaka themanini Jumapili ijayo."

Oma ni bibi, kwa lugha ya huko. Ndivyo mtoto alivyomwita mwenye nyumba wao, mjane aliyekaa chini yao, ghorofa ya kwanza. Mama Shukrani alilijua jina hilo vizuri kuliko alivyotaka. Katika kila picha aliyotumiwa, mtoto alikuwa na mkono wa mtu begani, mkono mweupe wenye madoa ya uzee, na mwenye mkono amekatwa na ukingo wa picha.

"Kutakuwa na wageni," binti aliendelea. "Nataka umshukuru. Wewe mwenyewe, kwa video, kwa Kijerumani. Bila yeye mimi nisingeweza, Mama. Nikiwa zamu ya usiku mtoto analala kwake."

"Nitamshukuru," alisema Mama Shukrani. Angesema nini kingine?

"Halafu, kuhusu mwezi wa nane. Nimepata likizo, wiki tatu nzima." Mama akaibana simu sikioni. "Sasa Oma anataka twende naye kwa dada yake, ufukweni, anasema mtoto hajaona bahari. Na mimi nafikiria kuja nyumbani. Sijaamua bado. Tutaona."

Hapo ndipo mtu mwingine angesema njooni. Angelia, angegomba, angemtaja marehemu baba. Mama Shukrani aliangalia kabati, akasema, "Nitajie alichokufanyia. Siwezi kushukuru hewa."

"Amenisaidia sana, Mama."

"Sana ndiyo nini? Ina rangi gani?"

Binti akacheka kwa nguvu, maana swali hilo alilijua tangu utotoni. Kisha akaacha kucheka, akaanza kutaja, na mama akavuta karatasi. Siku ya uchungu barabara zilikuwa na theluji na teksi ilikataa kuja. Oma alimtembeza kwa miguu mpaka hospitali, akabaki naye akimshika mkono, na alama za kucha zilikaa kwenye mkono wake wiki nzima. Akaandika. Wiki sita za kwanza alimwogesha mtoto kila asubuhi kwenye sinki la jikoni. Akaandika. Mtoto alijifunza kutembea kwenye korido yake, kutoka kwenye kiti hadi kwenye mlango wa jiko, na Oma ndiye aliyekuwa mlangoni. Akaandika hilo pia.

"Na nywele," alisema binti. "Mimi sipati muda. Alikaa na mwanamke mmoja wa kwetu, akajifunza kusuka. Miaka sabini na tisa, Mama. Njia zinakwenda kombo, lakini anamsuka kila Jumamosi."

Kalamu ikasimama. Kuzaa si kazi, kazi kulea, wanasema, na mama huyu alizaa na akalea, hakuna aliyemdai. Lakini nywele za mjukuu wake zilikuwa zinasukwa na mikono ya mtu mwingine, mikono iliyojifunza uzeeni ili kufanya kile ambacho mikono yake yeye ilikijua tangu utotoni na haikuwa na kichwa cha kukifanyia. Wivu ulimpanda waziwazi mpaka masikio yakapata moto. Alimwonea wivu bibi kizee wa watu ambaye hajamkosea. Aliandika: nywele.

Wiki hiyo aliitunga hotuba masjala, wakati wa chakula, mlango umefungwa. Daftari jeusi halikumsaidia sana. Lilikuwa na ukurasa wa mashuka na ukurasa wa magongo, halikuwa na ukurasa wa mtu aliyekusukia mjukuu. Ilibidi afungue kamusi ya Sista, atafute sinki, atafute theluji, atafute kucha. Na akiwa humo kwenye kamusi, vidole vikaanza kutafuta maneno ambayo havikutumwa. Kurudi. Mwezi wa nane. Kuacha, kwa maana ya kumwachia mtu aende zake. Akachukua kipande cha karatasi, akaunga sentensi moja iliyokuwa imevunjika vunjika, yenye maana ya kwamba tafadhali mama, mwezi wa nane uwaache waje kwangu. Sijui kama Mjerumani angeielewa. Aliisoma, akaona aibu kama mtu aliyekutwa akichungulia dirishani kwa jirani, akaikunja na kuificha nyuma ya daftari.

Ijumaa alikuja fundi redio. Huyu alikuwa na kibanda chake jirani na soko, na miguu ilimwacha baada ya ajali. Miezi miwili iliyopita alikuwa amepata kiti cha magurudumu kutoka kwa wale wale marafiki, na sasa alikuja kutoa maneno ya barua yake, maana Mama Shukrani alisikiliza kwanza kila mtu kwa mdomo wake.

"Waambie asante sana," alisema fundi. "Asubuhi najipeleka kazini mwenyewe, simsumbui mtu. Mke wangu amenenepa kwa sababu ya kupumzika kunisukuma, hilo nalo waandikie. Ila gurudumu la kushoto linavuta upande. Nikilenga kibandani kwangu nafika kwa kinyozi. Nimenyolewa mara tatu mwezi huu."

Mama Shukrani alicheka, akaandika kwamba anajipeleka kazini, akaandika na la mke, kwa heshima zaidi kidogo. La gurudumu hakuliandika. Hakuwahi kuandika la gurudumu la mtu yeyote. Kwa miaka arobaini watu walikuja na asante zao zikiwa na mikia, shuka ni fupi, miwani ni ya mtu mwenye pua nyingine, na yeye aliikata mikia yote kwa roho safi, kwa sababu barua ya shukrani haiombi.

"Umeweka la gurudumu?" fundi aliuliza akitia sahihi.

"Nimeiandika vizuri," alisema.

"Basi kinyozi atajenga nyumba," alisema fundi, akageuza kiti. Alilenga mlango, akagonga kabati la mafaili.

Jumapili saa tisa alasiri Mama Shukrani aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa mezani kwake amevaa gauni la sherehe, daftari mbele yake, kile kipande nyuma ya daftari. Sebule ya ng'ambo ikatokea. Watu kama kumi na watano, keki, mishumaa, na katikati kwenye kiti kikubwa, kwa mara ya kwanza, mwenye mkono. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwaza, miwani imemteremka puani. Mjukuu alikuwa amekaa mapajani kwake. Njia za nywele zilikuwa kombo kweli.

"Msalimie Bibi," alisema binti kwa Kiswahili.

"Shikamoo," alisema mtoto, akiangalia keki.

"Marahaba, mama yangu," alisema Mama Shukrani. Mtoto hakusikia, alishageuka kumwonyesha Oma kitu fulani, wakaongea wawili hao kwa lugha ambayo bibi alijua asante zake tu. Asiyekuwapo na lake halipo. Alikohoa, akasimama, maana hakuweza kushukuru akiwa amekaa, na akasoma.

Alisoma polepole. Alimshukuru kwa kutembea kwenye theluji. Alimshukuru kwa mkono wake na kwa alama za kucha za binti zilizokaa hapo wiki nzima. Alimshukuru kwa sinki la jikoni, kwa wiki sita, kwa kiti na mlango wa jiko na hatua zilizokuwa katikati. Hata waliokuwa wanapanga sahani kule waliacha. Nywele hakuziruka, akamshukuru na kwa nywele, kila Jumamosi, kwa mikono iliyojifunza. Kisha akamalizia kwa maneno ya ukurasa wa kwanza wa daftari, yale makubwa kuliko yote: *Wir danken Ihnen von ganzem Herzen.* Tunakushukuru kwa moyo wote. Sista mwenyewe asingepata pa kuweka nyekundu.

Oma alivua miwani. Akampa mtu mtoto, akainuka kwenye kiti kwa kujivuta, akaja karibu na simu mpaka uso wake ukajaa kioo. Macho yalikuwa yamelowa. Akasema, neno moja moja, kama anayemsemesha mtu wa mbali:

"*Ich danke Ihnen für Ihre Tochter.*"

Nakushukuru kwa binti yako. Mama Shukrani alielewa kila neno bila kusaidiwa, maana hicho ndicho Kijerumani pekee alichokuwa nacho. Oma akaendelea, na hakukosea hata kidogo, alitaja kitu na kazi yake kama aliyefundishwa na Sista. Alishukuru kwa binti anayegonga mlango wake kila asubuhi. Alishukuru kwa mtoto. Nyumba yangu ilikuwa kimya, alisema, na sasa ina watu.

Na hapo ndipo baridi ilipomwingia. Miaka arobaini alijua shukrani ni nini kwa yule anayeipokea. Ni alama kwamba kitu kimefika na sasa ni cha waliopewa. Hakuna mfadhili aliyewahi kushukuriwa kwa kitanda kisha akaja kukichukua. Walijibu kwa kadi, wote, na chini ya kila kadi walimaliza kwa maneno mawili, *gern geschehen*, nimefanya kwa furaha. Kila mara aliona kuwa ni maneno rahisi kwao. Sasa yalikuwa yanasubiriwa kinywani mwake. Watu kumi na watano walikuwa wanamtazama, wakitabasamu, na kilichobaki ni yeye kusema kwamba ametoa kwa furaha.

Binti akasogea kwenye kioo.

"Mama? Mtandao umekata?"

"Nipo."

"Umeelewa alichosema?"

"Nimeelewa."

"Basi mjibu. Unajua la kujibu, Mama."

Mkono wake ulikuwa nyuma ya daftari, juu ya kile kipande. Hakukitoa. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Mwambie sikumpa. Nimemwazimisha."

Uso wa binti ulibadilika. Alimtazama mama yake kwa muda ambao wageni hawakuuona kuwa mrefu, lakini ulikuwa mrefu. Kisha akageukia sebule, akatabasamu, akasema kwa sauti nzuri ya wazi, "*Meine Mutter sagt: gern geschehen.*"

Mama yangu anasema: nimefanya kwa furaha. Wote wakapiga makofi. Oma akabusu vidole vyake akavigusisha kwenye kioo. Mishumaa ikapulizwa, na mtu fulani akaimba.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mama Shukrani alikaa. Hakukasirika, hilo ndilo lililomshangaza. Aliuona mkia wake ukikatwa mbele yake, safi, bila damu, kwa adabu ile ile aliyoifundisha mwenyewe kwenye meza ya masjala, na akamkumbuka fundi redio akigonga kabati la mafaili.

Baada ya saa moja hivi binti alipiga tena, safari hii peke yake, kwenye ngazi. Kelele za sherehe zilisikika nyuma ya mlango.

"Mama, ulisikia nilivyosema."

"Nilisikia."

"Ningesema nini mbele ya watu? Ni siku yake. Ni mzee."

"Ulisema vizuri. Ndivyo nilivyokufundisha."

Mtu alipita kwenye ngazi, binti akampisha. "Mama," akasema, sasa sauti ni ya yule mtoto wa stempu, "sitafsiri tena. Niambie mimi. Unataka nini?"

Swali lile lile la marehemu mumewe. Mama Shukrani alifungua mdomo. Neno lilikuwapo, fupi, silabi mbili, mtoto wa mwaka mmoja analijua. Lilifika kwenye meno likakaa.

"Nataka mtoto avae soksi," akasema. "Nimeona yuko miguu mitupu."

"Sawa, Mama."

"Asante kwa kupiga."

"Sawa, Mama," akasema binti tena, na simu ikakatika. Mama Shukrani alibaki ameshika simu iliyokufa, akajitukana kwa moyo wote, na alijitukana vizuri kuliko alivyowahi kushukuru.

Jumatatu alifika kazini kabla ya wenzake. Barua ya fundi redio ilikuwa bado kwenye trei, haijatumwa. Hakuigusa. Ilikuwa barua nzuri na ilikuwa kweli, ingawa si kweli yote. Alichukua karatasi mpya, akafungua kamusi, na akaanza kuunga barua ya pili, ile ya siku nyingine. Gurudumu. Kushoto. Kuvuta. Ilimchukua asubuhi nzima kuandika mistari mitatu, na hakuna mstari hata mmoja uliokuwa na shukrani ndani yake. Ilisema kwamba gurudumu la kushoto la kiti mlichotuma linavuta upande, na kwamba tunaomba lingine. Aliiangalia hiyo tunaomba kwa Kijerumani, mara ya kwanza maishani kuiandika. Dari haikuanguka.

Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, na akijua kwamba ukipoa hautapata tena, alivuta karatasi nyingine hapo hapo. Hii haikuhitaji kamusi. Aliandika:

"Mwanangu, hii si barua ya shukrani. Mwezi wa nane njoo nyumbani, na mtoto uje naye. Oma mwambie nitamshukuru tena, lakini bahari itamsubiri, mimi nina miaka sitini. Viatu vya mtoto viko kabatini jozi nne, na tatu za kwanza hazimwenei tena. Mwache aje na nywele hivyo hivyo, asisukwe huko. Nataka nimsuke mimi."

Aliisoma mara moja. Kwa mazoea akatafuta mahali pa kuweka asante, akaona hapana. Akaikunja, akaandika anwani, akabandika stempu.